Avoka (wakili) alipwe kwa sehemu ya fidia ya ajali: ndiyo ao hapana?

Yaya Odette, Kampemba: Mtu anagongwa na kamyo (lori) kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mguu unakatwa, na avoka anataka makuta kabla ya kufungua dosye. Atayatoa wapi? Sheria yetu ya Kongo inamkataza avoka kupatana na mteja kwamba malipo yake yote yatatoka ndani ya fidia. Mimi naona waruhusu. Marekani wanafanya hivyo, mara nyingi theluthi moja.

Kapend, Ruashi: Hapana. Avoka mwenye njaa atakubali kidogo cha asiransi (bima) ili apate chake leo. Halafu tuseme ukweli, wengine hawakosi avoka, wanakosa akili. Wanapokea dola mia tatu za shofere, wanatia sahihi karatasi ya kumaliza mambo, kesho wanalia.

Mama wa Katuba: Wanakosa akili? Mdogo wangu alitia sahihi karatasi hiyo. Lopitali ilikataa kumtoa mpaka bili ilipwe, na mwenye kamyo alikuja usiku na bahasha. Wewe ungefanya nini?

Kapend, Ruashi: Mama, sikumtaja mdogo wako. Lakini kutia sahihi bila kusoma ni kosa.

Mama wa Katuba: Asome nini? Kifaransa cha tribinali, na serumu mkononi! Usirudie neno hilo mbele ya familia yoyote yenye mgonjwa.

Yav: Jamani, kamyo inavuka mpaka wakati nyinyi mnagombana. Nyingi ni za Tanzania na Zambia, na zinatembea na kadi ya njano ya COMESA (umoja wa biashara wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini), ile asiransi inayomlinda mtu aliyegongwa katika nchi nyingine. Pigeni picha ya kadi, ya plaki (namba) ya kichwa na ya remorke (trela), mhakikishe PV (ripoti) ya polisi wa rulaji (barabarani) imeandikwa. Ikishavuka mpaka, avoka gani ataishika?

Yaya Odette: Sawa, ila kadi ya njano haimlipi avoka.

Stajière wa baro (avoka anayejifunza kazi): Baro, chama cha maavoka, ina biro ya ushauri wa bure. Na parke (waendesha mashtaka) ikimshtaki shofere, mnaingia kama parti sivile, yaani mnadai fidia ndani ya kesi hiyo. Kifungu cha 258 cha kodi sivile (sheria ya madai) kinambana aliyeleta hasara, cha 260 kinamfuata hata bosi wake. Msimwachie shofere peke yake, hana kitu.

Mama wa Katuba: Avoka ni wa bure, na tribinali? Konsinyasio kwanza, makuta ya kuweka ili kesi ifunguliwe. Ukishinda, kuna ushuru wa serikali juu ya fidia kabla hujapewa karatasi ya kumkamatia mtu mali.

Stajière wa baro: Kwa hiyo ombeni cheti cha indijansi (cha kuonyesha huna uwezo) mapema, mama. Kinapunguza hayo.

Kapend, Ruashi: Cheti hakitasaidia kitu. Shofere wa kigeni anakimbia porini siku ileile.

Bibi ya shofere: Anakimbia kwa sababu mnawasha moto! Bwana yangu anaendesha Kolwezi mpaka Ndola. Mtoto akiguswa tu, watu wanakuja na petroli. Akibaki, atapona?

Kapend, Ruashi: Akimbilie polisi basi, si Zambia.

Bibi ya shofere: Polisi iko kilomita ngapi kutoka pale? Nitajie kituo.

Yav: Kwenye barabara ile kituo kinaweza kuwa mbali. Katika hilo ana haki.

Mama wa Katuba: Haki? Na mguu wa mdogo wangu, Yav?