Mradi wa karanga Kongwa: mbali na Google mnatafutia wapi?

kijana_wa_kibaigwa
Wakuu habari za jioni. Mimi sio mwanafunzi wala sina supavaiza, najisomea tu historia ya huku kwetu Kongwa, ule mradi wa karanga wa Waingereza. Shida nikigugo naletewa hadithi ile ile kila tovuti, walianza 1947, udongo ukawagomea, mvua hazikutosha, 1951 wakafunga na pauni milioni 36 zikaenda na maji, basi. Mimi nataka habari za vibarua. Walitoka wapi, walilipwaje, waligoma au walinyamaza. Nimeperuzi kurasa kibao za Google naona watu wamekopiana tu. Nyie mnatumia nini? Niko kwenye simu na bando la wiki, vya kulipia msinipe.

kabati_la_nyaraka
Mkuu kwanza umeandika nini kwenye kile kisanduku? Kama umeandika Tanzania umejifungia mlango mwenyewe, 1947 hakukuwa na Tanzania. Andika Tanganyika, tena kwa Kiingereza cha wakati ule maana walioandika ni wao. Na neno lenyewe kila mtu aliliandika kivyake, "groundnut", "ground-nut", "ground nuts", jaribu zote. Ukiweka "Kongwa" na "labour" ndani ya alama za kunukuu halafu mwishoni filetype:pdf, blogu nyingi zinakaa pembeni zinabaki ripoti na tasnifu.
Ila mimi siku hizi Google naifuata mwishoni. Najiuliza kwanza karatasi ya habari hii aliiandika nani na leo iko kabatini kwa nani. Hela ya ule mradi ilikuwa ya walipakodi wa Uingereza kwa hiyo ugomvi wake ulikuwa bungeni kwao, Strachey waziri wa chakula alikuwa anabanwa maswali hasa, na Hansard zao, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge, za 1803 mpaka 2005 ziko wazi bure na sehemu ya kutafutia ipo. Ni maandishi matupu, bando halitasikia.

mama_kumbukumbu
Hansard itampa mawaziri, yeye kasema vibarua. Mdogo wangu ingia Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma, tafuta makala moja tu nzuri hata kama ni ya zamani. Usiishie kuisoma. Chini yake kuna kiungo cha waliomnukuu huyo mwandishi, ukibonyeza unaletewa walioandika baada yake, na tanbihi zake zinakurudisha kwa waliomtangulia, hapo unakwenda mbele na nyuma kwa makala moja. Ukikuta imefungwa bonyeza palipoandikwa matoleo mengine, mara nyingi kuna PDF imelala kwenye hazina ya chuo fulani. JSTOR nao, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, ukifungua akaunti ya bure unasoma mpaka makala 100 kwa mwezi humo humo kwenye tovuti, kupakua ndio hawaruhusu.

msukuma_mkokoteni
Mbona mnamzungusha, si aulize AI imalize kazi dk mbili

mama_kumbukumbu
Aulize, kwa kupata maneno ya kutafutia inasaidia kweli. Lakini ikimpa jina la kitabu na mwandishi akalitafute WorldCat, katalogi ya maktaba za dunia, au Scholar kwanza, maana hizo programu zinatunga vitabu visivyokuwepo na zinakupa mpaka namba ya ukurasa bila kupepesa macho. Sijui mwenzangu unaziaminije hivyo.

reli_ya_kati
Nashangaa hamna aliyetaja Trove. Ni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, magazeti yao ya zamani yameskaniwa, mengi yanaishia 1954, yaani miaka yote ya Kongwa imo, na ni bure. Australia walikuwa wanafuatilia sana mambo haya kwa sababu shirika lile lile la Uingereza lililoendesha mradi wa karanga, Overseas Food Corporation, lilikuwa na mradi wa mtama kule Queensland. Huko tafuta pia "peanut" ndio neno lao. Angalizo, maandishi yamesomwa na mashine hivyo herufi zinakosewa, Kongwa inaweza kutokea imeandikwa vituko, ukikosa kwa jina la mahali jaribu jina la mtu au la meli.

kijana_wa_kibaigwa
Aisee nashukuruni sana, usiku mzima nilikuwa huko. Nimefuata tanbihi kama alivyosema mama hapo juu nikaufikia mgomo wa 1947, ule ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar ukapanda na reli mpaka huku kwetu. Sasa kila mwandishi ananukuu ripoti za mwaka za Idara ya Kazi ya Tanganyika na hizo sizioni mtandaoni. Nifanyeje?

kabati_la_nyaraka
Ziangalie HathiTrust, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vilivyoskaniwa. Vitabu vingi pale hawakuruhusu kuvisoma ila wanakuruhusu kutafuta ndani, ukiandika Kongwa unaambiwa neno liko ukurasa gani na limetokea mara ngapi. Andika kurasa hizo kwenye daftari na mwaka wa ripoti, halafu mtu wako wa Dar apeleke orodha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar (UDSM), sehemu ya East Africana, yaani ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki. Akienda na namba za kurasa hawahangaiki naye, akienda na "naomba habari za karanga" atashinda njaa pale. Na apige simu kwanza aulize utaratibu wa wasio wanachuo.