Schon na Cain, mnaiua Journey huku tunaangalia!

Wakuu, habari zenu. Nimekaa kimya muda mrefu ila leo limenifika kooni.

Mimi ni mtu wa Journey, ile bendi ya rock ya Marekani, tangu enzi za kaseti. Kuzeeka kwa bendi nakubali, sauti kushuka nakubali. Nisichokubali ni watu wawili wazima, matajiri tayari, kuburuzana mahakamani kwa ajili ya kadi ya matumizi!

Ndiyo, kadi. Mwishoni mwa 2022 Neal Schon, mpiga gitaa aliyeianzisha bendi San Francisco mwaka 1973, alimshtaki Jonathan Cain wa kinanda akidai ananyimwa kuona hesabu za American Express ya bendi. Januari 2023 Cain akajibu mapigo: Schon ametumia kadi hiyo zaidi ya dola milioni 1 kwa mambo yake binafsi. Mwaka 2024 wakahamia mahakama ya Delaware, safari hii Cain analalamikia hoteli za hadi dola 10,000 kwa usiku mmoja, wakati kikomo walichokubaliana ni 1,500. Schon anakanusha. Mwaka huohuo ziara ya Uingereza na Ireland ikafutwa.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Machi 2020 hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Waliwafukuza Ross Valory wa besi, aliyekuwepo tangu mwanzo kabisa, na Steve Smith wa ngoma, wakidai wamepanga mapinduzi ndani ya kampuni waliyoamini inamiliki jina la bendi. Kesi ikadai fidia ya zaidi ya dola milioni 10, kisha 2021 wakamalizana nje ya mahakama. Haya, wapinzani wametoka. Kampuni ya ziara, Freedom 2020, ikabaki ya Schon na Cain, nusu kwa nusu. Hakuna kura ya tatu. Mmoja akisema ndiyo na mwenzake akisema hapana, hata malipo madogo yanakwama, mpaka mahakama ikabidi iweke mtu wa nje wa kuvunja sare. Bendi iliyojaza viwanja miaka ya themanini inaamuliwa na mtu wa nje nani alale hoteli gani!

Mnakumbuka albamu ya Escape ya 1981? "Don't Stop Believin'" waliiandika watatu: hawa wawili na Steve Perry, mwimbaji wao wa enzi hizo. Novemba 2022 Cain akaupiga Mar-a-Lago kwa Trump, Desemba Schon akamtumia barua ya wakili kumwambia aache. Wimbo walioutunga pamoja sasa unapelekewa barua za wakili.

Na huyo mwimbaji wa sasa, Arnel Pineda, je? Kaokotwa YouTube mwaka 2007 kutoka Ufilipino, kabeba nyimbo za Perry usiku baada ya usiku, na kwenye ile kampuni hana hata hisa moja. Baada ya tamasha la Rock in Rio 2024 alitukanwa mtandaoni hadi akasema watu milioni 1 wakimtaka aondoke, ataondoka. Yeye ndiye anayepigwa mawe jukwaani kwa fujo zilizopikwa na wakubwa zake ofisini.

Wanaojua sheria za kampuni humu naomba mnijibu: hivi ni wakili gani aliyekaa na watu hawa wawili, anaujua ugomvi wao, akawaandikia mkataba wa 50 kwa 50 bila mwamuzi?