Baba ana saratani ya puru: matundu au kufungua tumbo?

Kitinda_Mimba: Wakuu, naombeni ushauri. Baba ana miaka 61, ana saratani ya puru (mwisho wa utumbo mpana). Daktari mmoja anataka kufungua tumbo, mwingine laparoskopi, yaani upasuaji wa kamera: matundu manne au matano ya milimita 5 hadi 12. Sipati usingizi. Ipi inaponya zaidi?

Koleo: Pole sana. Ukubwa wa jeraha hauponyi saratani. Puru inatakiwa itoke pamoja na mafuta yanayoizunguka, utando wake ukiwa mzima, maana tezi za limfu, ambako saratani husambaa, zimo humo. Daktari mpasuaji wa Uingereza, Bill Heald, alilieleza hilo mwaka 1982. Matundu hupunguza maumivu na siku za kulazwa. Majaribio mawili ya 2015 yalishindwa kuthibitisha kwamba laparoskopi hutoa kipande kisafi (kingo zisizo na saratani) sawasawa na kufungua, ingawa baada ya miaka 2 wagonjwa wa pande zote hawakutofautiana sana.

Mcha_Mungu: Mzazi mwenyewe ameulizwa?

Bi_Nyuzi: Uvimbe uko sentimita ngapi kutoka mlango wa haja?

Kitinda_Mimba: Kolonoskopi, ile kamera ya utumbo, iliandika 8.

Bi_Nyuzi: Na MRI, picha ya sumaku?

Kitinda_Mimba: Tatu. Umeingia kwenye msuli wa kubana haja. Walitaka mionzi kwanza, wiki 5 na ushee, tukakataa. Baba hataki mfuko wa choo wa kubandikwa tumboni, na laparoskopi ya Jumanne tumeshailipia.

Macho_Mawili: Uzi wa kutunga huu. Mara 8, mara 3, uvimbe unatembea?

Koleo: Si lazima awe anadanganya. Mrija wa kolonoskopi hujikunja ndani, kipimo kikapotoka. Kidole cha daktari na MRI ndivyo vya kuaminiwa.

Bi_Nyuzi: Kitinda, hapo ndipo penye jibu lako. Msuli ukishaingiliwa, ukikatwa Jumanne mfuko ni wa kudumu, kwa matundu au kwa kisu kirefu. Daktari akiubakiza msuli, saratani inabaki ukingoni mwa sehemu iliyokatwa. Inatakiwa iachane na ukingo kwa zaidi ya milimita 1. Mionzi na kemo (dawa za saratani) huweza kuusinyaza uvimbe, kisha husubiriwa wiki 6 hadi 12 na MRI inarudiwa. Nyonga ya mwanaume pia ni nyembamba, wakati mwingine upasuaji wa matundu huishia kwenye kufungua tumbo.

Kitinda_Mimba: Lakini hela imeshatoka.

Bi_Nyuzi: Omba tarehe isogezwe. Piga simu kesho asubuhi.

Kitinda_Mimba: Nitapiga. Baba yuko hapa, anauliza: ukiwa wa kudumu, unabadilishwa mara ngapi?

Koleo: Mwambie unamwagwa ukifika theluthi. Kibandiko cha ngozini hubadilishwa kila siku 3 au 4, tundu lake likatwe kwa kipimo, kinyesi kisiiunguze ngozi.