Mateja kupimwa homa ya ini C vijiweni: ni sawa au ni kuchezea fedha?

Mlevi wa Kahawa (mleta mada): Wakuu, jana huku kwetu Temeke nimekuta vijana wa afya ya jamii wametega meza na mwavuli kwenye maskani ya mateja. Wanachoma kidole, wanapima homa ya ini C, na ukishapimwa unapewa nauli. Mimi si mchoyo, ila mke wangu alienda kujifungua akaambiwa aje na glovu zake. Hii imekaaje? Maana teja ukimpa nauli hapandi daladala, anapandisha stimu.

Kiroboto: Wamejichoma wenyewe, leo tuwachome tena kwa hela zetu? Halafu hiyo si ina chanjo, watoto wanachanjwa kila siku kliniki.

Nesi Bado Kidogo: Chanjo ni ya B, mdogo wangu. C haina chanjo mpaka leo. Ila C inapona: vidonge vya wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona kabisa. Mnachanganya herufi halafu mnahukumu watu.

Binti Saumu: Mleta mada, hilo la stimu umeliandika huku unacheka. Kaka yangu alikuwa anatoka Mbagala kwenda Muhimbili kunywa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, tangu 2011, kliniki bado mpya. Kila siku, Idi na Krismasi, maana wakati ule hupewi ya kubeba, unainywa mbele ya muuguzi. Siku hana nauli anatembea. Wewe umeshawahi kutembea Mbagala mpaka Muhimbili?

Fundi Pasi: Mbagala ipi, Zakhem au Rangi Tatu? Zakhem mbona panatembeka.

Binti Saumu: Rangi Tatu. Na ukome.

Mlevi wa Kahawa: Dada yangu, samahani. Sikumsema kaka yako, nilisema kwa ujumla.

Binti Saumu: Huo ujumla ndiyo kaka yangu.

Mhasibu wa Mtaa: Nauli ni kitu kidogo jamani. Kipimo cha kidole kinaonyesha kingamwili tu, yaani virusi viliwahi kuingia. Wapo ambao mwili ulishavitoa wenyewe. Lazima kipimo cha pili kitafute virusi vyenyewe, na mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kazi hiyo. Pale kwenye mwavuli walichukua damu ya pili? Majibu nani anampelekea mtu, polisi wakishatawanya maskani? Ukimwambia mtu "una C" ukamwacha bila dawa, umemsaidia nini?

Kiroboto: Mhasibu umeandika gazeti. Mimi nasema nauli ni rushwa, basi.

Nesi Bado Kidogo: Na wachangia damu wanaopewa soda na biskuti? Nao wamehongwa?

Fundi Pasi: Biskuti? Nimechangia mara tatu, soda tu.

Kiroboto: Ulichangia wapi? Mimi nilipewa mpaka juisi.

Fundi Pasi: Juisi ya boksi??

Mpemba Hana Haraka: Mnagombania juisi. Misri walipima watu milioni 60, nchi nzima, hawakuuliza nani teja nani mwalimu. Na wao wengi walipewa ugonjwa na serikali yao, kwenye sindano za kichocho.

Mhasibu wa Mtaa: Karibu milioni 50, mkuu, 2018 na 2019. La sindano ni kweli, bomba za kioo zilikuwa zinarudiwa kwa mtu na mtu. Na vidonge wakatengeneza wenyewe, vile ambavyo Marekani vilianza kuuzwa dola 1,000 kimoja.

Kiroboto: Wa kichocho alipelekwa. Teja alijipeleka.

Mpemba Hana Haraka: Mie nilijipeleka, nikiwa na miaka 17. Bomba moja, watu wanne. Nishaacha, nina wana watatu. Ukimwi napima kila mwaka, hiyo C sijapimwa hata siku moja. Nikija hapo kwenye mwavuli mtanifukuza?

Kiroboto: Shekhe wangu, wewe ni tofauti. Umeacha.

Mpemba Hana Haraka: Virusi navyo vimeambiwa kama nimeacha?

Nesi Bado Kidogo: Kapime, baba. C hukaa kimya hata miaka 20, ini linaliwa taratibu na wewe unajiona mzima. Na usikubali kuishia kwenye kidole.

Mlevi wa Kahawa: Haya, nimelainika. Wapimwe. Ila nauli watoe siku mtu anaporudi kuchukua majibu ya pili.

Binti Saumu: Na atarudi na nini kama hana nauli?

Mhasibu wa Mtaa: Hayo majibu ya pili ndiyo niliyouliza toka asubuhi.

Fundi Pasi: Kiroboto hujanijibu. Ile juisi ilikuwa wapi?