Majirani wa Østerdalen, Norwe: Shukuru anaenda kuwinda elgi (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu)

Shukuru: Shikamooni wakubwa. Timu ya wawindaji ya Rendalen wamenipa nafasi wiki ya mwisho ya Novemba. Mtihani wa uwindaji nilishafaulu, ada nimelipa, Jumamosi ndiyo mtihani wa shabaha. Huko milimani theluji imeshafika magotini. Niambieni nijiandae vipi, sijawahi hata kusimama posti, pale mwindaji anapomngojea mnyama.

Baba Neema: Marahaba, na hongera. Tuanze na shabaha. Risasi 5, mita 100, zote ziingie kwenye duara la sentimita 30 juu ya picha ya mnyama. Duara hilo ni kubwa, usitishike. Ila kabla ya Jumamosi piga hata 30 za mazoezi, na si kwenye meza tu. Piga umekaa, piga umesimama ukiegemea fimbo. Msituni hakuna meza.

Mjomba Hamisi: Tena kwa risasi zilezile utakazowindia. Watu hufanya mazoezi na boksi la bei rahisi, siku yenyewe wanaweka nyingine, halafu wanashangaa mbona inapiga pembeni. Bunduki gani hiyo?

Shukuru: Ya risasi za 6.5x55, ya kuazima, mjomba. Barua ya kuazimwa ninayo.

Mjomba Hamisi: Inatosha kabisa. Sheria ya hapa Norwe: risasi ya gramu 10 na kuendelea iwe bado na nguvu ya juli 2200 ikifika mita 100. Ya gramu 9 mpaka chini ya 10 inatakiwa juli 2700. Wewe chukua ya gramu 10.1, ile inayopanuka ikiingia mwilini, uepukane na hesabu. Mwanzo huu usipige zaidi ya mita 100, hata kama darubini inakuonyesha mpaka kope za mnyama.

Baba Neema: Sasa baridi na chuma. Sikiliza vizuri hapa maana ndipo wageni wengi wanapokwama. Bunduki iliyoshinda kwenye digrii 15 chini ya sifuri usiiingize sebuleni. Inatoka jasho ndani na nje. Kesho unaitoa, lile jasho linakuwa barafu kwenye kifyatulio na kwenye pini inayogonga fataki. Ilale kwenye chumba cha baridi kilichofungwa kwa kufuli, au ukishaiingiza ndani, iache ikauke kabisa, bolti (kile chuma cha kupakia risasi) imetolewa, mpaka asubuhi.

Mjomba Hamisi: Na ile bolti ifute mafuta yote, kisha paka mafuta mepesi kidogo sana. Mafuta mazito yakiganda pini inakwenda taratibu, unasikia "tik", elgi anakuangalia, anaondoka zake. Mdomo wa mtutu uzibe kwa kipande cha selotepu ya umeme. Ukianguka kwenye theluji bila hiyo, mtutu unajaa, na ukifyatua unaweza kupasuka. Selotepu yenyewe huna haja ya kuitoa, upepo unaotangulia risasi unaifungua.

Shukuru: Na darubini ikiingia ukungu?

Mjomba Hamisi: Ukungu wenyewe ni pumzi yako. Ukilenga, pumua kwa pembeni. Kitambaa kikavu mfukoni, na vifuniko vibaki mpaka ufike posti.

Mama Amani: Mavazi niachieni mimi. Pamba marufuku, kuanzia chupi mpaka soksi. Ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto. Ndani sufu nyembamba, juu yake sufu nzito, nje kitu cha kuzuia upepo kisichopiga kelele ukijikuna. Koti la manyoya ya bata liweke kwenye BEGI. Tembea ukiwa unahisi baridi kidogo, ukifika posti ndiyo ulivae. Ukilivaa kuanzia kwenye gari utafika umelowa, na baada ya saa moja umekaa unatetemeka, huwezi hata kulenga.

Mama Amani: Buti namba moja kubwa zaidi. Soksi mbili za sufu ndani ya buti la kubana ni mbaya kuliko moja, damu haipiti vizuri. Glavu nyembamba ndani, ya vidole pamoja juu. Kigodoro cha kukalia. Soksi za akiba kwenye mfuko wa nailoni. Simu na betri za akiba zikae kifuani, zikipigwa na baridi zinazimika zikiwa nusu. Tochi ya kichwani, kiberiti, magome makavu ya mbetula ya kuwashia moto. Saa kumi jioni giza limeshaingia.

Shukuru: Asante mama. Chakula?

Mama Amani: Chai ya moto kwenye themosi na chapati zenye mafuta. Huko si mahali pa saladi 😂

Baba Neema: Posti. Kiongozi wa uwindaji atakuonyesha pande mbili za kupigia. Zikariri kwa vitu unavyoviona: ule msonobari uliokatika mpaka lile jiwe. Nje ya hapo hupigi, hata akija dume la mwaka. Mnyama akiwa juu ya kilima na nyuma yake ni mbingu, hupigi. Lazima kuwe na udongo wa kupokea risasi. Unaweka risasi ukishafika posti, unazitoa kabla ya kuondoka, na huondoki mpaka redio iseme. Kofia na kizibao cha rangi ya chungwa hata kama ni msitu mtupu.

Mjomba Hamisi: Elgi macho yake kwa kitu kilichotulia si makali sana. Pua na masikio ndiyo balaa. Kaa upepo ukikupiga usoni kutoka upande ambao mbwa anasukuma wanyama. Asubuhi ya baridi kali hewa inateremka bondeni hata kama huoni jani likitikisika. Rusha theluji kavu kidogo, utaona inakoelekea.

Shukuru: Wakija wawili je, jike na mtoto?

Baba Neema: Ndama kwanza. Daima. Jike ukimuua ndama akabaki, ndama hatakuwa na wa kumfuata kwenye theluji nene. Na kibali cha timu kina idadi kwa aina: ndama, wa mwaka mmoja na nusu, jike, dume. Kabla hujaweka kidole uliza redioni kilichobaki. Jambo jingine: kadiri Desemba inavyokaribia madume wakubwa wanaanza kuangusha pembe. Asiye na pembe si lazima awe jike. Tafuta doa jeupe chini ya mkia, hilo ni la jike.

Mjomba Hamisi: Ngoja asimame ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, nyuma yake tu, theluthi ya chini ya kifua. Hapo kuna moyo na mapafu. Usitegemee aanguke. Mara nyingi anasimama kana kwamba hukumpiga, au anatembea mita 50 mpaka 100. Maadamu amesimama na sehemu ni salama, pakia tena upige tena.

Mjomba Hamisi: Akiingia msituni, USIMKIMBILIE. Toa taarifa redioni. Kumbuka alipokuwa amesimama, weka alama. Kwenye theluji damu inasomeka vizuri: nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi ni ini. Ukiona majani yaliyotafunwa au kitu cha kijani, umepiga tumbo. Hapo tunasubiri saa kadhaa, halafu anaingia mbwa wa kufuatilia. Ukimfukuza mapema atatembea kilomita. Sheria inalazimisha timu iwe na makubaliano na mbwa aliyeidhinishwa, namba yake iwe kwenye simu yako pia.

Bi Zuhura: Samahani wanaume, mimi na watoto tutakula? Shukuru ni Mkristo.

Baba Neema: Bi Zuhura, Shekhe wenu mmemuuliza?

Bi Zuhura: Elgi anakula majani, si mnyama wa kuwinda wenzake kwa meno, kwa mnyama mwenyewe hakuna neno. Kwa wanazuoni wengi mawindo ya Ahlul-Kitab, yaani Wayahudi na Wakristo, yanakubalika, na jina la Mungu litajwe wakati wa kufyatua. Akikutwa bado hai, achinjwe kooni. Ndiyo maana nataka fungu la mnyama wa Shukuru mwenyewe, si la mchanganyiko wa timu. Shukuru, utalitaja?

Shukuru: Nitalitaja Bi, kwa sauti.

Mjomba Hamisi: Kwa sauti ndogo mwanangu 😂 ana masikio.

Baba Neema: Akianguka: mkaribie kwa mgongoni, bunduki tayari, gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, risasi nyingine. Kisha damu itoke, kisha matumbo, ndani ya saa moja. Msidanganyike na baridi. Ngozi ya elgi ni blanketi, nyama ya paja inaweza kuoza kuanzia mfupani wakati masharubu yako yana barafu.

Baba Neema: Kisu kifupi, makali yaangalie juu, vidole viwili vikiongoza ncha, usitoboe tumbo wala kibofu. Funga umio kwa kamba kabla ya kuvuta. Kata kuzunguka njia ya haja, funga nayo. Tanua tumbo kwa fimbo hewa ipite. Na usijaze theluji ndani! Inayeyuka, inalowesha nyama, na uchafu unasambaa. Kumburuta, kichwa mbele, mfuate manyoya yanakolala.

Shukuru: Kwa hiyo ngozi itoke haraka, nyama ining'inizwe nje ipoe?

Baba Neema: Hapo pana mtego. Ikipoa haraka mno kabla mwili haujakakamaa, inajikunja na kuwa ngumu kama soli. Saa kumi za mwanzo isishuke chini ya digrii 10. Nje kukiwa chini ya sifuri sana, tundika ghalani na ngozi ibaki. Baada ya hapo hesabu digrii mara siku, jumla 40. Banda la digrii 4, siku 10.

Mama Amani: Friza. Ndama wa kilo 65 akiwa ametundikwa anatoa kama kilo 45 za nyama bila mifupa. Dume ni mara tatu ya hapo. Nani ana nafasi?

Bi Zuhura: Mimi nina droo mbili. Ini mnitolee la ndama tu. La mzee linakusanya kadmiamu, metali yenye sumu, figo ndiyo zaidi, wajawazito wasiguse.

Baba Neema: Na muulizeni kiongozi kama wilaya inataka kichwa. Tangu 2016 ule ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa wanyama jamii ya kulungu, ulipoonekana kwa kulungu wa theluji (reinsdyr) wa Nordfjella na elgi wa Selbu, sehemu nyingine wanachukua vipimo kwa wakubwa. Msikitupe.

Shukuru: Nyama nibebee kwenye mifuko ile mieusi ya taka?

Mama Amani: Hapana! Nailoni inafungia joto na jasho. Mifuko ya kitambaa, mmoja kwa kila robo, kwa hiyo minne, na wa tano wa moyo na ulimi. Ninayo, pita Ijumaa uichukue.