Wachapaji na waandaaji wa nyaraka, alamisho si pambo! Tumechoka na kazi za bora liende

Wadau, alamisho ni chochote kinachokufikisha moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka. Nianze na utepe wa vitabu vya karatasi, nikimaliza nahamia kwenye PDF, maana uzembe ni uleule.

Chukua dayari ya jalada gumu ya ukubwa wa A5, zile zinazogawiwa kila mwisho wa mwaka. Ifungue katikati, nyoosha utepe. Mara nyingi ncha inaishia sawasawa na ukingo wa chini wa karatasi. Ukiifunga dayari, utepe umemezwa wote. Huuoni wala huushiki, unabaki kupekua kurasa moja moja kana kwamba hauna utepe kabisa. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kipimo chake hakina siri. Karatasi ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Utepe haushuki wima, unavutwa kutoka juu ya mgongo hadi kona ya chini ya nje, na umbali huo ni milimita 257. Ongeza 30 za kugandishwa kwenye mgongo na 40 za kuning'inia nje ili kidole kipate pa kushika. Jumla 327, kata 330. Wanaolipua kazi wanakata 240. Ukitoa 30 zilizo chini ya gundi zinabaki 210, yaani urefu wa karatasi yenyewe, basi. Kwa nakala 1,000 kinachookolewa ni mita 90 za utepe. Mita 90 tu! Na kwa ajili yake watu 1,000 wanapewa kitu kisichofanya kazi mwaka mzima.

Halafu kuna utepe unaong'oka. Utepe unatakiwa ugandishwe kwenye mgongo baada ya kurasa kukatwa kingo, na kabla ya kitambaa cha mgongo kubandikwa. Kitambaa kinaukandamiza, hautoki. Anayesahau akaja kuudonolea gundi juu ya kitambaa ametengeneza utepe wa wiki mbili. Na kabla ya kuvalisha jalada, utepe ulazwe ndani ya kurasa ukiwa umenyooka. Ukiachwa nje unanasa kwenye gundi ya karatasi ya jalada. Ukiingizwa umejikunja, shinikizo la mashine linaacha kovu la mkunjo kwenye kurasa kadhaa, na kovu hilo halifutiki.

Ncha nazo! Utepe wa poliesta unakatwa mshazari, kisha ncha inapitishwa karibu na moto sekunde moja iyeyuke kidogo na kujifunga. Wa pamba au reyoni hauyeyuki, unaungua, kwa hiyo huo dondoshea gundi nyeupe, acha ikauke. Usipofanya hivyo nyuzi zinaanza kufumuka mapema mno. Na rangi ijaribiwe kabla: lowesha kitambaa cheupe, sugua utepe. Ukiona wekundu kwenye kitambaa, jua jasho la mkono litaupeleka huohuo kwenye ukurasa.

Kwa msahafu na Biblia jambo hili ni zito zaidi, maana msomaji wa vitabu hivyo anarudi alipoishia kila siku na hataki kukunja kona ya ukurasa. Misale ya altare, kitabu cha sala za misa, ina tepe kadhaa za rangi tofauti kwa sababu padre anaruka kutoka sehemu hadi sehemu ndani ya ibada moja. Hapo utepe mfupi ni kumwaibisha mtu mbele ya waumini.

Sasa PDF. Hapa ndipo hasira yangu inapochemka.

Ripoti ya kurasa 300 imechapwa, imefungwa vizuri, imegawiwa mkutanoni. Unafungua ukurasa wa Yaliyomo unakuta hivi:

Sura ya Nne: Matumizi ya Fedha ........ Error! Bookmark not defined.

Imeandikwa kwa wino, kwenye karatasi, nakala zote! Wengi hawajui hata kwamba "bookmark" inayolalamikiwa hapo ni alamisho. Word inapotengeneza Yaliyomo, kila kichwa cha sura kinawekewa alamisho iliyofichwa, jina lake linaanza na _Toc. Mstari wa Yaliyomo unaielekea alamisho hiyo kuuliza namba ya ukurasa. Mtu akifuta kichwa, au akiondoa sura nzima na kubandika nyingine kutoka faili jingine, alamisho inaondoka na kichwa chake, lakini mstari unaendelea kuiulizia. Kwenye skrini huoni tatizo kwa sababu namba ya zamani bado imeandikwa. Word ikiwa imewekwa ihuishe sehemu hizo kabla ya kuchapa, kosa linajitokeza wakati faili linakwenda kwenye printa, na hapo hakuna anayeangalia tena.

Dawa ni dakika mbili. Ctrl+A, kisha F9. Ukiulizwa, chagua kuhuisha jedwali zima, usichague namba za kurasa pekee, kwa sababu namba pekee ndizo zinazoleta ujumbe huo. Kisha Ctrl+F, tafuta neno Error!, ukikuta hata moja usichape.

Na mnaotoa PDF kwa kupitia amri ya kuchapa, acheni. Njia hiyo inatupa alamisho zote, unabaki na kurasa 300 bila paneli ya sura pembeni. Tumia Save As, chagua PDF, fungua Options, weka tiki kwenye alamisho kutokana na vichwa. Hilo litafanya kazi tu kama vichwa vilipewa mtindo wa Heading 1, Heading 2. Kukoleza herufi na kuongeza ukubwa si kichwa, kompyuta inaona aya ya kawaida.

Tovuti nitazipitia haraka. Mnabadilisha muundo wa tovuti, viungo vyote vya zamani vinakufa, alamisho za watu zinakuwa makaburi. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, walionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo 2013 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. Elekezeni anwani ya zamani kwenye mpya kwa 301, yaani ishara ya seva kwamba ukurasa umehama jumla. Na kila ukurasa upeni jina lake! Mtu anaweka alamisho ishirini, zote zinaitwa "Mwanzo", atazitofautishaje?

Jibu #2, MtunzaRafu:
Mkuu, umewasamehe wasomaji. Maktabani tunarudishiwa vitabu vina pini za chuma, na kwa unyevu wa pwani hazikawii kuacha kutu yenye umbo la pini kwenye kurasa. Kipande cha gazeti nacho kina asidi, kinaacha kivuli cha kahawia. Karatasi za kunata zinabakiza gundi hata zikitolewa siku hiyohiyo. Kalamu ndani ya kitabu inavunja mgongo. Kata karatasi nyeupe isiyo na asidi, sentimita 4 kwa 18, nyembamba tu, inatosha kabisa.

Jibu #3, Kichupo:
Vipi kama faili la Word limepotea, imebaki PDF tupu?

Jibu #4, mwanzisha uzi:
@Kichupo inawezekana, na ni bure. Weka programu ya pdftk. Andika faili la maandishi matupu, kila sura mistari minne:

BookmarkBegin
BookmarkTitle: Sura ya Kwanza
BookmarkLevel: 1
BookmarkPageNumber: 13

Lihifadhi kama alamisho.txt, kisha toa amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta:

pdftk ripoti.pdf update_info_utf8 alamisho.txt output ripoti2.pdf

Level 2 ni kwa vichwa vidogo ndani ya sura. Angalia sana namba ya ukurasa: inahesabiwa kuanzia jalada la PDF, siyo ile iliyochapwa chini ya karatasi. Kama jalada na utangulizi wa namba za Kirumi vina jumla ya kurasa 12, ukurasa wa 1 wa kitabu ni wa 13 kwenye faili. Ukiandika 1, msomaji atabofya Sura ya Kwanza apelekwe kwenye jalada, na sura zote zinazofuata zitakosea kwa kurasa hizohizo 12.