Tupeane uzoefu: Mlipodai haki zenu kazini, nani alisimama mbele na yalimpata nini?

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mahali pengi watu wakianza kudai malipo ya muda wa ziada au vifaa vya kujikinga, uongozi hauulizi wanadai nini. Unauliza nani anawachochea. Kinara akishajulikana, basi: atahamishwa kituo, au ataandikiwa barua ya kujieleza kwa kuchelewa ambako wengine wote husamehewa, au mkataba wake ukiisha hauongezwi. Wenzake wakiyaona hayo wanarudi kwenye kazi kimya, na dai linafia hapo.

Karatasini tumelindwa. Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unatambua haki ya wafanyakazi kuunda chama na kujiunga nacho bila kuomba ruhusa ya mtu. Ule Na. 98 wa mwaka 1949 unataka mfanyakazi asifukuzwe wala kuonewa kwa sababu ya uanachama wake. Mimi nataka tuzungumzie kinachotokea kazini kwenyewe. Aliyesimama mbele mlimlindaje? Au mlimwacha?

Naanza na yetu. Nilikuwa ghalani, kazi ya kupanga na kupakia mizigo. Kila mwisho wa zamu tulipekuliwa getini, lakini mashine ya kusaini muda ilikuwa ndani, kabla ya foleni ya ukaguzi. Ukishasaini kutoka, muda wote wa kusimama kwenye foleni ni wako, haulipwi. Kuna mama mmoja kwenye kitengo chetu ambaye alianza kuandika kwenye kijidaftari: saa aliyosaini, saa aliyovuka geti. Hakusema neno. Baadaye tukaanza kumwiga, mpaka vikawa vijidaftari vingi vinavyosema jambo lilelile.

Shida ilikuja kwenye barua. Kila mtu anakubali madai, hakuna anayetaka jina lake liwe la kwanza. Yule mama akatuambia kwamba mabaharia wa zamani, walipokuwa wakimlalamikia nahodha, walisaini majina yao kwa duara, kwa kuwa aliyeonekana kuanza angeweza kunyongwa kama mwasi. Tukaweka kifuniko cha ndoo ya rangi juu ya karatasi, tukachora. Madai yakakaa katikati, majina yakazunguka pembeni kama miali ya jua. Msimamizi alipokabidhiwa aliigeuza ile karatasi huku na huku akitafuta pa kuanzia kusoma.

Mashine ilihamishwa, ikawekwa baada ya ukaguzi. Malimbikizo ya nyuma hatukulipwa, na hilo bado linaniuma. Lakini hakuna aliyepoteza kazi.

Karibuni.

Fundi cherehani

Asante mkuu kwa uzi huu. Yetu haikuwa ya pesa. Mlango wa dharura wa ghorofa yetu ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, eti nguo zisiibwe. Ufunguo anao mtu mmoja, naye si lazima awepo zamu yako.

Sisi washonaji tunaijua Rana Plaza kuliko watu wengi. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo hilo la viwanda vya nguo lililokuwa Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwa mle ndani iliwaondoa watu wake. Washonaji waliamriwa warudi asubuhi iliyofuata, wengine kwa vitisho vya kunyimwa mshahara. Jengo likaporomoka, wakafa watu 1,134. Nikikumbuka kwamba waliziona nyufa na bado wakapanda ngazi, hasira inanijaa, maana naelewa kabisa kwa nini walipanda. Ukiwa peke yako na kodi ya nyumba inakusubiri, unapanda.

Kwa hiyo tulikubaliana kabla, mstari kwa mstari, kila mstari na mtu wake wa kupeleka maneno. Siku ile ilipofika, mashine zote zilizimwa kwa wakati mmoja. Ukumbi ambao siku zote lazima upaze sauti ndipo usikike ukanyamaza, na meneja akatoka ofisini bila kuitwa. Mnyororo uliondolewa siku hiyohiyo.

Lakini mleta uzi umeuliza yalimpata nini aliyesimama mbele. Dada aliyejibu maswali ya meneja alianza kupewa mafurushi ya kola tupu. Anayelipwa kwa kipande ataelewa: kola ni kazi ya taratibu, kipato chake kikashuka pasipo barua wala kosa. Tukawa tunamaliza yetu kisha tunachukua ya kwake. Sijui huwa tunadhani malipizi lazima yaje kwa barua ya kufukuzwa? Mara nyingi huja kwa kupangiwa kazi.

Dereva wa programu

Kwetu hapakuwa na msimamizi wa kupelekewa duara. Tunaitwa "wabia", tumesajiliwa kwenye programu ya simu ya kuitia usafiri, na makato ya kila safari yalipandishwa kwa ujumbe mfupi tu. Tukakubaliana kuzima simu saa za msongamano. Wengi walizima.

Aliyekuwa akiendesha kundi letu la WhatsApp akaunti yake ilifungwa wiki hiyohiyo. Hakuna kikao, hakuna mtu wa kumuuliza, ukiandika unajibiwa na mashine. Hajafunguliwa mpaka leo, na makato hayakushuka. Nasema ukweli ulivyo ili wanaojipanga wajue: sisi hatukuwa na chochote cha kumlinda, hata mchango wa kumsaidia tulianza kuuchanga baada ya yeye kuanguka.

Katibu wa tawi mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Duara ni jambo zuri la kuanzia, lakini halifiki mbali. Siku ya majadiliano duara haliwezi kuingia chumbani, ataingia mtu mwenye jina na sura. Swali ni ameingia kwa niaba ya nani na nyuma yake kuna nini.

Tawi letu lilikuwa na masharti ambayo hatukuyavunja. Wawakilishi walipigiwa kura, na kila mmoja alikuwa na makamu anayejua kila kitu anachokijua yeye. Hakuna aliyeitika wito wa ofisini peke yake, hata akiambiwa ni "mazungumzo ya kirafiki tu". Yaliyosemwa ofisini yaliandikwa jioni hiyohiyo na kusomwa mbele ya wanachama kabla hayajageuka uvumi. Mfuko wa kumsaidia atakayeumizwa ulijazwa wakati wa amani. Dereva, mwanangu, hapo ndipo mlipojeruhiwa, wala si kwenye kuzima simu.

Na kuna jambo hamjaligusa. Kinara hafukuzwi kila mara. Wakati mwingine anapandishwa cheo. Niliwahi kuona mjumbe hodari kabisa akifanywa msimamizi katikati ya majadiliano, na madai yetu yakazama pamoja naye, kwa sababu hesabu na nyaraka zote zilikuwa kichwani mwake. Tangu hapo ndipo tukaweka makamu.

Someni habari za Anna Walentynowicz. Alikuwa mwendesha kreni kwenye karakana ya meli ya Gdańsk, Poland, na mwaka 1980 alifukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi mitano tu kustaafu. Tarehe 14 Agosti wenzake waligoma, na madai yao ya mwanzo yalikuwa pamoja na yeye kurudishwa kazini. Alirudishwa, mgomo ukaenea, na tarehe 31 Agosti serikali ikasaini makubaliano yaliyotambua haki ya kuunda vyama huru. Hapo ndipo kilipotoka chama cha Solidarność. Walianza kwa kumdai mwenzao.

Kuhusu mgomo wenyewe, uwe hatua ya mwisho. Nchi nyingi sheria inataka kwanza usuluhishi, kura na notisi. Mkiruka hatua hata moja mmempa mwajiri fimbo, atawaondoa vinara kwa kosa la utaratibu na dai lenu halitatajwa kabisa.

Dada wa kazi za ndani

Shikamoo mzee. Ninyi wote mna wenzenu pembeni. Mimi nafanya kazi na kulala ndani ya nyumba ya mwajiri. Hapo anayesimama mbele ni mimi na anayesimama nyuma ni mimi.

Tulikutana kwenye geti la shule tukisubiri watoto. Mwenzetu mmoja alikuwa amesikia kuhusu Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011, unaosema mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kupata hata nusu yake. Tukapanga maneno, tukayakariri, na kila mmoja akamwambia mwajiri wake wiki ileile, maneno yaleyale. Waajiri wetu wanajuana, wakaulizana, wakakuta kila nyumba limesemwa.

Wengi walipata siku yao. Mmoja aliambiwa afungashe usiku uleule. Tulimpokea kwa zamu mpaka akapata nyumba nyingine, na jina la nyumba aliyofukuzwa tukalipeleka getini. Ilichukua muda mrefu sana nyumba ile kupata mtu.

Mleta uzi

Dada, umenigusa. Hili la kusema maneno yaleyale wiki ileile sikuwahi kulifikiria.

Mgeni hapa

Habari zenu. Nimekuwa nikisoma tu, sasa limenifika. Kesho kutwa nina kikao cha nidhamu, barua inasema "lugha isiyofaa kwa kiongozi". Ukweli ni kwamba niliuliza mbele ya watu kwa nini vibarua hawana glavu. Natakiwa nijieleze kwa maandishi. Niandike nini?

Katibu wa tawi mstaafu

Pole mwanangu. Jibu kosa lililoandikwa kwenye barua tu: maneno gani ulisema, saa ngapi, wapi, mbele ya nani. Swali lako la glavu liandike kama ulivyolisema, neno kwa neno, maana hilo ni suala la usalama kazini na litakusaidia mbele ya msuluhishi. Usitaje mkutano wowote, usimtaje mwenzako yeyote. Omba kwa maandishi uingie na mwakilishi wa chama, na kama chama hakipo, na mfanyakazi mwenzako unayemwamini. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani. Wakikupa cha kusaini, andika "nimepokea" pamoja na tarehe, usiandike "nakubali". Na leo hii, kabla hujalala, watafute waliokuwepo ulipouliza, kila mmoja aandike alichosikia.

Ukitoka kikaoni njoo utupe mrejesho.